Kutoka Maskati Hadi Chennai

Ukimwuliza Redempta ni maili ngapi kutoka nyumbani kwake Saint Paul, kule Minnesota, hadi kazini Plymouth, atakuambia hajui. Miaka tisa anaendesha gari kwenye barabara ile, kiangazi na theluji, na hajawahi kuangalia. Lakini mwulize kutoka Maskati hadi Chennai, hata ukimkuta anamenya ndizi atakujibu bila kuinua kichwa: kilomita elfu mbili na mia sita, saa tatu na nusu za kuruka, na ukitua unasogeza saa yako mbele kwa saa moja na nusu. Katika miji hiyo miwili hajakanyaga hata mmoja.

Aliyajua hayo Februari, kwa sababu ya mdogo wake, Erick.

Erick alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja kule Muleba, mtu mrefu, mwenye maneno mengi, wa aina ile ambayo ukimwomba maji ya kunywa atakueleza kwanza mto ulikoanzia. Moyo ulianza kumsumbua akiwa na miaka thelathini na minane. Vali moja haikuwa inafunga vizuri. Akaandikiwa rufaa ya India, akaenda Chennai akisindikizwa na binamu yao. Wiki ya tatu likizo ya binamu ikaisha, akarudi kazini kwake, na Erick akabaki peke yake na kitanda na dirisha.

Mtu angeweza kucheka, kama pasingekuwa na cha kulilia. Kazi ya Redempta kule Plymouth ni kukagua vali za moyo. Anavaa koti jeupe na kofia ya wavu, anakaa mbele ya darubini, na kila vali iliyoshonwa kwa mkono inapita chini ya jicho lake. Uzi mmoja ukienda upande, anairudisha. Kwa miaka tisa watu asiowajua wamepumua kwa macho yake, na mtu wa tumbo moja naye alikuwa amelala Chennai akihema kama aliyepanda mlima.

Kwa nini hakwenda mwenyewe? Makaratasi. Aliingia kama mwanafunzi, akaomba kubaki kihalali, na maombi yake yamekaa kwenye meza ya mtu fulani huu mwaka wa sita. Mwanasheria alimwambia waziwazi: ukitoka, mlango unafungwa nyuma yako. Mama yao alipozikwa, Redempta aliyatazama mazishi kwenye simu akiwa ndani ya gari, na mtandao ukakatika wakati jeneza linashushwa. Hadi leo hajui nani alitupa udongo wa kwanza.

Alibaki Pamela, kitindamimba wao, aliyekuwa Maskati akimtunza bibi mmoja mzee. Jumamosi ile Erick alipopiga simu kusema daktari anataka kumpasua Jumanne, Redempta aliandika majina ya miji miwili mtandaoni, na ukurasa ukamjibu papo hapo. Umbali huu, muda huu. Saa tatu na nusu! Ni kama Bukoba hadi Biharamulo siku barabara ikiwa mbovu. Moyo wake ukatulia, na kabla hajampigia Pamela hata mara moja, akamwambia Erick:

"Usiogope, mdogo wangu. Pamela yuko njiani."

Hapa niseme ukweli kuhusu watu wetu. Mtu wa kwetu akipigiwa simu na yuko bafuni ana povu kichwani, atasema yuko njiani. Harusi imetangazwa saa nane, saa kumi bibi harusi yuko njiani. Hatuuiti uongo. Ni namna ya kusema usikate tamaa, nakuja, nipe nafasi. Na kwa mgonjwa ndiyo kabisa, maana ni nani mwenye roho ya kumwambia mgonjwa kwamba hakuna anayekuja? Redempta alilisema neno lile kama anayemwekea mgonjwa mto mgongoni.

"Kutoka Maskati?" Erick alichangamka. "Basi hiyo ni pua na mdomo. Anavuka Bahari ya Arabu, anaingia India kwa upande wa magharibi, amefika. Mwambie aje na halua. Ile ya kahawia, yenye lozi."

Wakati huo Pamela alikuwa anamkata bibi kucha na hakuwa na habari yoyote.

Redempta alipompata, ndipo mambo yalipoanza kuonyesha sura yake. Pasipoti ya Pamela ilikuwa imefungiwa kabatini. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mtoto mkubwa wa bibi, naye alikuwa amesafiri kwenda Salala hadi Jumatano. Bibi mwenyewe alilia pamoja na Pamela, kwani hata yeye hakuruhusiwa kushika funguo za nyumba yake. Jumatano pasipoti ikatoka. Ikabaki viza ya India. Viza ikakataliwa kwa sababu picha ilikuwa na kivuli, ikaombwa upya, ikasubiriwa. Ule ukurasa wa mtandaoni ulijua kasi ya ndege, lakini kabati haukulijua.

Jumanne jioni Redempta alipiga simu Chennai kuuliza kama mgonjwa ameamka. Simu ikapokelewa na mgonjwa mwenyewe.

"Erick! Kwani hawajakupasua?"

"Watanipasuaje, dada, na Pamela hajafika?"

Redempta alikaa chini, palepale kwenye sakafu ya jikoni. Baba yao aliingia chumba cha upasuaji siku moja ya kawaida, kwa jambo lililoitwa dogo, watoto wakiwa shule na mama akiwa sokoni. Alitoka akiwa amefunikwa shuka, na mlangoni hapakuwa na mtu wa kumpokea isipokuwa mfagizi. Siku ya tatu ya matanga mtu mmoja wa familia alisimama akasema kwamba kuanzia leo, mtu wa nyumba hii hapasuliwi bila mtu wa damu yake kuwa mlangoni. Aliyesimama alikuwa Redempta. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na Erick, mtoto wa miaka kumi, alikuwa ameshika sketi yake.

"Daktari amekasirika," Erick aliendelea. "Kaniletea karatasi nitie saini kwamba nimekataa mwenyewe. Nikatia. Nikamwambia ni saa tatu na nusu tu, dokta, mdogo wangu yuko njiani."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Redempta analijua hilo, na hakuna siku halimrudii. Angesema: Pamela hajapata hata pasipoti, nilikudanganya, ingia bila yeye, mimi nitakuwa mlangoni kwa simu. Maneno machache tu. Badala yake alimsikiliza anavyohema, akaogopa kumvunja nguvu, akasema ndege ilipata hitilafu, lakini sasa yuko njiani.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, alimweleza Makena. Makena ni Mkenya, mtu wa Meru, anakaa darubini ya pili kutoka kwake, na hana tabia ya kumung'unya maneno.

"Na si umwambie tu ukweli?" Makena alisema. "Mwambie sister hana visa bado, wamfanyie operation."

"Atavunjika moyo."

"Redempta, na si huo moyo ushaharibika? Ndio maana yuko huko."

Redempta alifunika chakula chake. Jioni ile aliishika simu, akaiweka, akaishika, akaiweka. Alijiambia viza itatoka kesho na uongo utajigeuza kuwa kweli wenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa na urefu wa kilomita elfu mbili na mia sita, naye alikuwa ameshaanza kuitembea.

Mwanzoni Erick aliufanyia mzaha. "Ndege hii inapitia wapi, dada, Kigoma?" Siku nyingine akauliza kama Pamela anakuja kwa mtumbwi. Ijumaa hakutania. Miguu ilikuwa imevimba na sentensi moja aliigawa mara tatu ili aimalize. Jumamosi aliuliza hali ya hewa ya Minnesota, akasikiliza jibu, akaaga. Jina la Pamela hakulitaja tena, na Redempta alilala macho wazi kwa sababu hiyo hasa.

Viza ilitoka Jumapili. Ndege ilikuwa ya Jumatatu, saa tano kasoro dakika kumi usiku kwa Maskati, ambayo Minnesota ni saa saba kasoro dakika kumi mchana. Ilipofika saa sita na nusu Redempta alikuwa kwenye korido ya kazini, kofia ya wavu kichwani, anatazama picha iliyoingia sasa hivi: Pamela amekaa dirishani, mkanda umefungwa, kopo la halua limekaa mapajani kama mtoto. Redempta aliibusu simu. Mtu aliyepita akageuka kumtazama. Simu ileile ikaita, namba ya Chennai.

Alikuwa nesi. Maji yameingia kwenye mapafu, alisema, hawawezi kungoja tena, wanampeleka sasa, na mgonjwa ameomba dakika moja. Kisha pumzi, kisha Erick.

"Dada. Wananiingiza."

"Erick, nisikilize. Pamela amekaa kwenye ndege. Picha ninayo mkononi. Yuko njiani, mdogo wangu, yuko njiani."

Magurudumu ya kitanda yalisikika.

"Dada," Erick alisema. "Saa tatu na nusu... haziwezi kuwa siku tisa. Hata wa mwisho darasani... analijua hilo."

"Naapa kwa kaburi la mama!"

"Usiape. Hakuna anayekuja. Nilijua tangu... Alhamisi. Ulisema kwa mapenzi tu." Akapumzika. "Nimekusamehe."

"Ngoja, nakutumia picha, itazame tu, Erick, itazame!"

Lakini aliyekuwa kwenye laini sasa ni nesi, anasema asante, mama, asante, tutakupigia. Redempta aliituma picha ile. Ikaweka tiki moja. Aliitazama tiki ile hadi macho yakamwuma, akiomba ya pili itokee.

Alirudi kwenye darubini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Simu aliificha pajani, kinyume cha sheria ya chumba kile, na kwenye kioo chake, alipofungua ramani ya kufuatilia ndege, kidege kidogo cha njano kilikuwa kinatambaa juu ya rangi ya buluu. Aliitazama vali moja kwa dakika ishirini. Nyuzi zote zilikuwa zinacheza. Makena alinyoosha mkono, akaichukua taratibu, akaikagua yeye.

Saa tisa kasoro dakika tano simu iliita tena. Daktari aliongea kwa upole na hakuzunguka. Moyo ulisimama mezani, wakaurudisha, ukasimama tena. Wamejitahidi. Kama angekubali kupasuliwa mapema zaidi, daktari alianza, kisha akaacha. Hakuhitaji kumalizia.

Redempta alitazama kile kidege. Kilikuwa bado juu ya bahari, hakijafika ukingo wa India, na pembeni palikuwa na maandishi: imebaki saa moja na dakika ishirini na tano.

Makena alimvua lile koti jeupe kama anayemvua mtoto. "Leta keys," alisema. "Huwezi ku-drive hivi." Njia nzima hadi Saint Paul hakuwasha redio, na machozi yake mwenyewe aliyafuta kwa kiwiko. Katikati ya safari alimpigia Theophil, mwenyekiti wa Watanzania wa mjini, kwa sababu mambo kama hayo yana mahali pake pa kuanzia kupelekwa.

Theophil alifika karibu pamoja nao, na tai ya ofisini bado shingoni, nyuma yake kina mama watatu wamebeba masufuria. Wakavua viatu vyenye theluji mlangoni. Wakamkumbatia mmoja mmoja. Theophil alikuwa ameshafanya kazi: amempata binti mmoja wa Kagera anayesoma Chennai, amemwamsha, naye ameshaondoka kwenda hospitali.

"Sasa, Dada Redempta," alisema, akikaa mbele yake, sauti ya chini. "Pamela atatua muda si mrefu. Atapiga. Kwetu mtu hapewi msiba akiwa safarini. Anafika, anakalishwa, anapewa maji, watu wamemzunguka, ndipo anaambiwa. Akikuuliza, sema mgonjwa yupo, anamngoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Na alikuwa amemwelewa. Alijua pia kwamba Theophil ana haki, kwamba hivyo ndivyo ilivyofanywa tangu zamani, na kwa huruma. Lakini huruma ile aliijua sura yake sasa. Alikuwa amemnywesha mdogo wake siku tisa.

Ndege ilitua saa kumi na dakika ishirini, kama ilivyoandikwa, bila kuchelewa hata dakika. Saa tatu na nusu kamili. Robo saa baadaye simu iliita, na Makena akaiweka kwenye spika.

"Dada! Nimefika!" Sauti ya Pamela ilijaa sebule. "Nimefika, niko uwanjani, nangoja sanduku tu. Ameshatoka chumba cha upasuaji? Mwambie nipo! Mwambie asilale, nakuja sasa hivi!"

Theophil aliinua kiganja: taratibu. Kina mama wakatazama chini.

"Pamela," Redempta alisema. "Tafuta mahali ukae."

Kwetu hakuna asiyejua maana ya kuambiwa ukae.

"Sikai," Pamela alisema, polepole. "Sema, dada."

Theophil alikuwa anatikisa kichwa. Redempta alimwona, akamwomba radhi kwa macho.

"Erick ametutoka, Pamela. Ametutoka kwenye upasuaji. Nisingeweza kukuacha uje unacheka. Nimemdanganya yeye, wewe sikudanganyi."

Kilichosikika ni mashine ya masanduku ikizunguka, na mtoto wa watu wengine akicheka. Mama mmoja pale sebuleni alianza kulia kwa sauti, wenzake wakamshika. Pamela hakulia. Ilikuwa kama anatafuta kitu gizani kwa kupapasa.

"Saa ngapi?"

"Kwa hapa ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Juu ya bahari. Ulibakiza saa moja na dakika ishirini na tano."

"Basi nilikuwa njiani," Pamela alisema.

"Ulikuwa njiani."

"Na yeye alijua? Alipokuwa anaingia, ulimwambia niko njiani?"

"Nilimwambia."

"Alisemaje?"

Redempta aliitazama ile picha, bado na tiki yake moja. Alisikia magurudumu ya kitanda. Alisikia sentensi iliyokatwa vipandevipande, hakuna anayekuja, na kusamehewa ambako hakukuomba. Kweli yote ilikuwa mdomoni mwake, na ameshaahidi. Theophil alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

"Alicheka," Redempta alisema. "Akasema, mwambie asisahau halua."

"Ninayo," Pamela alisema. "Ninayo hapa, dada, nimeishika," na hapo ndipo alipoanza kulia.